Mizani ya Rodah Sokoni Boito

Rodah Chepchirchir alichuma chai katika shamba moja kubwa karibu na Boito hadi mashine zilipoletwa, naye na wenzake wakaambiwa waende nyumbani. Hakukaa nyumbani. Alianza kuuza maharagwe sokoni, kwa gorogoro kama kila mtu, yaani mkebe wa mafuta ya kupikia. Lakini mikebe ile haikulingana. Mmoja ulikuwa umegongwa kitako kwa nyundo kikaingia ndani, mwingine umebonyezwa ubavuni, na mnunuzi alipunjwa huku akishukuru. Rodah akachoka. Akanunua mizani, akaitundika kwenye nguzo ya kibanda chake na kutangaza kwamba kwake ni kilo tu.

Wateja wakamkimbia. Kiptum, mwenyekiti wa wafanyabiashara ambaye naye aliuza maharagwe, alimjia mikono mfukoni.

"Mama, hii soko ni ya gorogoro. Ukitaka kilo, peleka hiyo mizani kwa kituo cha majani ya chai."

"Sitoi," Rodah akajibu.

Mellen, mkulima wa chai aliyekuwa akipita na kikapu chake, akasimama. "Hata mimi sitaki kilo! Kule kituoni si tunaibiwa na mizani? Afadhali mkebe, naona ukijaa mpaka unafura."

Watu wakamuunga mkono. Rodah alihisi uso ukimwaka, kwa sababu alijua Mellen hasemi uongo. Yeye mwenyewe alikatwa kilo za majani miaka yote ile.

"Mellen, mizani haiibi," alisema. "Mwizi ni yule anasimama mbele yake usione mshale. Yangu inakuangalia wewe. Kama huiamini, enda dukani ulete pakiti ya sukari, ile haijafunguliwa."

Mellen akaenda kweli. Pakiti ya kilo mbili ikawekwa, mshale ukatulia kwenye mbili.

"Sasa leteni mikebe," Rodah akasema.

Kabla Kiptum hajauwahi mkebe wake, Mellen alikuwa ameshauchukua. Akaujaza maharagwe ya Rodah hadi yakafura, akayapima. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa mkebe wa Gesare, muuzaji wa kibanda jirani. Bei ilikuwa moja na maharagwe ni yaleyale, lakini ya mkebe wa Kiptum yalipungua karibu nusu kilo. Muuzaji mmoja akauficha wake chini ya meza, na watu wakaangua kicheko.

Kiptum hakucheka. Wiki iliyofuata Rodah alikuta kibanda chake kimepewa mtu mwingine, naye ametengewa nafasi kando ya mtaro wa machinjio. Alilia pale kwa hasira. Halafu akachimba shimo kwenye matope, akasimamisha nguzo yake.

Si wote waliomfuata. Chepyegon, bibi mzee aliyependa mkebe uliofura, aliomba gorogoro, akakataliwa, akaenda zake akinung'unika. Lakini Mellen alikuja, na wanawake wa kanisa lake nyuma yake. Kiptum alipowaona akarudi na sauti ya upole: angemrudishia kibanda, mradi auze kwa kilo na kwa gorogoro, mteja achague.

"Gorogoro gani?" Rodah akauliza. "Ile yako?"

Kiptum akaondoka. Siku ya soko iliyofuata, Gesare aliburura gunia lake hadi mtaroni akaomba wapime pamoja kwa mizani ile. Wakanunua turubai, na mvua iliponyesha mchana huo waliendelea kuuza.