Walisema mama wa kambo ananiwekea sumu, kumbe ni karanga

Wakuu, salaam. Wengi humu ni rika la wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Hii si chai, yalinikuta mwenyewe. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nimesoma uzi wa yule dada ambaye mwanawe ana aleji ya mayai, na mawifi wanamwambia anamdekeza. Umenikumbusha mbali.

Nilizaliwa Mbwawa enzi za Mwingereza, wakati huo Kibaha bado iko wilaya ya Kisarawe. Mama mzazi alifariki nikiwa mchanga. Baba akaoa mwanamke wa Misugusugu, Bi Tatu.

Nikiwa na miaka sita hivi nilikula kisamvu, midomo ikavimba, macho yakafunga, nikatapika. Ikaja kutokea tena kwa kashata. Mara ya tatu ilikuwa uji wa kwa jirani.

Mnajua watu wetu. Ikasemwa mama wa kambo anamwekea mtoto sumu. Shangazi yangu, dada yake baba, akashikilia kwamba Bi Tatu apewe talaka.

Bi Tatu hakugombana na mtu. Hakujua kusoma, lakini alikaa akakumbuka kila nilichokula kabla ya kuvimba. Vyote vitatu vilikuwa na karanga.

"Mume wangu, mtoto huyu hapatani na karanga," akamwambia baba. "Kuanzia leo haziingii humu ndani."

Baba akacheka. "Na shamba lote lile la karanga?"

"Tulime choroko."

Na choroko zikalimwa kweli!

Akanunua kinu kipya na chungu kipya. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba nisipewe chochote bila yeye kujua. Akafika mpaka kwa mwalimu shuleni.

Mimi akanifundisha kuuliza, "Kina karanga?" hata kama anayenipa ni mkubwa. Zamani zile mtoto kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu. Wakasema ananiharibu. Hakujali.

Sasa tukio lenyewe.

Nina miaka kumi na mitatu, tukaenda Soga kwenye harusi ya binamu yangu. Shangazi ndiye msimamizi wa jikoni.

"Shangazi, mchuzi una karanga?"

"Hauna, mwanangu. Kula."

Zilikuwemo. Alizisaga laini kabisa akatia kusudi, ili watu wote waone kwamba Bi Tatu ni mwongo.

Tonge la tatu, koo likaanza kuwasha. Mara pumzi ikawa haipiti.

Bi Tatu alisikia kikohozi changu akiwa amekaa na wanawake wenzake. Hakuuliza kitu. Alinitupa mgongoni, msichana mzima, akatoka mbio hadi zahanati.

"Kala nini?" akauliza dresa, tabibu wa pale.

"Karanga."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Bi Tatu. Shangazi, aliyetufuata nyuma, akaangua kilio. "Ni kweli. Nimetia mimi."

Nikachomwa sindano ya paja. Baada ya muda hewa ikaanza kuingia. Wakuu, sijawahi kuonja kitu kitamu kama ile pumzi.

Dresa akamgeukia shangazi. "Huyu mama asingejua la kuniambia, ningekuwa natafuta mtoto alipoumwa na nyoka."

Nilingoja Bi Tatu amtukane. Akasema tu, "Wifi, keshokutwa uje nyumbani, nikuonyeshe ninavyompikia."

Na shangazi akaja. Tangu siku hiyo hakuna shughuli ya ukoo ambayo hakusimama mlangoni mwa jiko kukagua vyungu.

Nilichojifunza: usimjaribu mtoto kwa chakula kinachomdhuru ili uone kama ni kweli. Waambie walimu, wapishi, majirani, bila aibu. Mtoto azoee kuuliza. Kama daktari amempa sindano ya dharura, iwe naye popote aendapo. Pumzi ikibana, achomwe na akimbizwe hospitali, msingoje ipite.

Bi Tatu alifariki ajuzi kabisa. Siku ya msiba wageni walikuwa wanauliza mfiwa ni nani, maana hakujaliwa kuzaa. Shangazi, naye keshazeeka, anatembelea fimbo, alinishika mkono akanisogeza mbele yao.

"Mwanawe huyu hapa," akasema.

Haya, wenye watoto wa aleji, mnaishije na ndugu wasioamini? Semeni, nasoma zote.