Nguzo ya Katikati

Mama yangu, Kemilembe, hajui gari linavyoendeshwa na hajawahi kutaka kujua. Lakini ndiye aliyeamua banda la gari langu lijengwe kwa chuma badala ya mbao. Aliamua akiwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi.

Tunaishi Ijuganyondo, kwenye kibanja alichotuachia baba. Gari lenyewe ni Probox ya zamani ninayobebea abiria kati ya Muleba na Bukoba. Kwa muda mrefu lilikuwa linalala uani. Mvua za huku hazina likizo, na siku moja tuliamka tukakuta betri imeibwa. Nancy, mke wangu, akasema gari linalotulisha haliwezi kuendelea kulala nje kama mbuzi asiye na mwenyewe.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kujenga, ubavuni mwa nyumba, kati ya ukuta na mstari wa mibuni. Pale gari lingeingia moja kwa moja kutoka barabarani. Kwingine kote ni migomba, na migomba ndiyo chakula chetu.

Johnson, kaka yake Nancy, ni fundi seremala wa Kitendaguro. Yeye alitaka mbao. Baba alikuwa amepanda miti ya misambya mpakani, na huku kwetu kila mtu anajua mchwa wanavyouogopa msambya. Najibu ni fundi wa kuchomelea, ana karakana yake mjini. Nilikwenda kwake kuuliza tu. Alinipa kiti, akanichorea banda sakafuni kwa chaki: nguzo nne kwenye pembe, mabomba ya chuma juu yake, kisha bati, basi.

Nilipomsimulia Johnson, alicheka. Alisema unyevu wa ziwa unakula chuma kama muwa. "Utapaka rangi mpaka uzeeke, shemeji. Na radi je?"

Radi za Bukoba si za mchezo, kwa hiyo nilimpelekea Najibu swali hilo. Alinijibu kwamba radi ikilitaka gari haiulizi kwanza banda ni la nini, na kwamba mbao za huyo shemeji yangu zikinyeshewa msimu mmoja zitajikunja hata mlango ufungwe kwa mateke. Maneno hayo nayo nikamrudishia Johnson. Nilikaa hivyo kwa wiki kadhaa, nikiwabebea kejeli huku na huku kama abiria, na kila mmoja alipokuwa anasema mimi nilimwona ana haki.

Mwishowe nilielekea kwenye mbao. Miti ilikuwa yetu, fundi alikuwa ndugu. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba hapakuwa na msambya ulionyooka kiasi cha kutoa boriti ya kufika urefu wote wa banda. Johnson alisema hilo ni dogo. Ataunga mbao mbili kila upande, na chini ya kiungo atasimamisha nguzo ya katikati. Zingekuwa nguzo sita, kila moja ichimbiwe shimo la kuzamisha mkono hadi kwapani.

Nilimweleza Mama jioni, tukiwa jikoni.

Kabla yangu Mama alizaa mtoto wa kiume aliyeishi wiki chache. Watoto wachanga wa wakati ule hawakujengewa makaburi ya saruji. Baba alimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, akapanda juu yake mlamula, mmea ule tunaoutumia kuonyesha mipaka na makaburi. Mama alikuwa mgonjwa sana, hakutoka kitandani siku hiyo. Aliyembeba mtoto alikuwa shangazi, dada yake baba. Mama alipopona akaonyeshwa mlamula, na tangu hapo akawa anapita karibu nao kila alipokwenda shambani. Kisha likaja tetemeko la mwaka 2016. Nyumba ya zamani ilianguka. Malori ya kubeba kifusi na kuleta matofali yalipita kila mahali, mlamula ukang'oka ukaenda na kifusi, na nyumba mpya tukaisogeza. Mlango wa nyuma, ambao Mama alikuwa akiutumia kupimia mahali pa kaburi kwa macho, ukawa haupo tena.

Yote hayo niliyajua. Nisilolijua ni lile aliloniambia jioni ile.

"Aroni, si kwamba nakataa banda," alisema. "Sijui tena mtoto wangu yuko wapi. Nimepapoteza."

Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyevunja chombo cha kuazima. Aliniambia ni upande ule ule wa mibuni, hilo analijua, ila ni wapi hasa hana hakika, na kila siku hakika inapungua. Aliona aibu kuniuliza mimi niliyezaliwa baadaye. Na sasa fundi anakuja na sururu.

Nilikumbuka kwamba shangazi bado yuko hai, Muleba. Tukakubaliana nimlete kwanza atuonyeshe, ndipo tuchimbe. Nilimpigia Johnson nikamwomba asije kabla ya Jumamosi, akasema hakuna shida.

Alhamisi nilikuwa stendi ya Muleba nikisubiri abiria, Nancy akapiga simu. Johnson amefika. Kazi aliyokuwa nayo mahali pengine imeahirishwa, akaona asiipoteze siku. Mashimo ya pembe nne tayari yamechimbwa. Na Mama amechukua kigoda, kisu na ndizi za kumenya, ameenda kukaa juu ya kijiti kinachoonyesha nguzo ya katikati, upande wa mibuni. Hataki kuondoka, na hataki kusema kwa nini.

Niliwaomba radhi abiria waliokuwa wamekwisha kukaa, nikaenda moja kwa moja kwa shangazi. Nilimkuta anaanika kahawa. Nilipomweleza hakuniuliza swali hata moja. Alijifuta mikono, akachukua kitenge chake, akaingia ndani ya gari.

Njiani nilikuwa nawaza mashimo mawili ya upande wa mibuni. Mama mwenyewe alisema hana hakika. Ikiwa alikaa mahali pasipo, basi sururu huenda ilikwisha kufika pale ilipokuwa haitakiwi, na mimi ningemwambia nini? Tulipopita Kemondo shangazi alinigusa bega.

"Punguza mwendo," alisema. "Nimebaki peke yangu ninayepajua. Ukiniua hapa, mtamuuliza nani?"

Tulipofika, Johnson alikuwa ameketi juu ya mbao zake, amekunja uso. "Shemeji, mimi niliambiwa ni banda la gari," alisema. "Sikuambiwa ni jiko."

Mama alikuwa pale pale. Ndizi alizokwisha kumenya zingetosha wageni wa kipaimara. Alipomwona shangazi hakuinuka. Walisalimiana kwa Kihaya, kwa utaratibu wote, wakaulizana habari za nyumbani, za wajukuu, za migomba na ugonjwa wake. Hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi.

Kisha shangazi akageuka kuangalia mibuni. Hakujishughulisha na nyumba kabisa. Alikwenda hadi kwenye mbuni wa kwanza, mzee wenye shina lililopinda, akauegemea kwa mgongo. Alituambia kwamba siku ile alisimama hapo, mtoto akiwa mikononi mwake, akimwangalia kaka yake akichimba. Akaeleza pia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia. Baba alileta jiwe bapa kutoka ziwani, akalilaza juu ya mtoto, chini kidogo ya udongo, ili jembe la mtu likiligonga ajue na aache. Mama hakuambiwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kumzungumzia mambo ya kaburi akiwa bado amelala.

Shangazi aliomba ufito. Akawa anauchomeka ardhini, taratibu, akitoka kwenye mbuni kuja kwetu. Ufito ulizama. Akasogea, ukazama tena. Alipofika kwenye kigoda cha Mama, karibu na mguu wake wa kushoto, ufito ukagota.

Alipiga magoti, akafukua kwa vidole. Lilikuwa jiwe la kijivu, laini, kama yale ya ufukweni.

"Wifi," alisema, "hujampoteza. Umekaa naye."

Mama alilitazama lile jiwe. Aliweka kisu chini, akashika magoti yake kwa mikono miwili. Nilidhani atalia, lakini alicheka, cheko fupi la mtu aliyetua mzigo kichwani.

"Kumbe najua," alisema. "Kumbe bado najua."

Johnson alikuwa amevua kofia. Alitazama kijiti chake, akatazama jiwe, kisha akaja kusimama karibu nami. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mbao zake haziwezi kuruka nafasi ile bila nguzo katikati, na nguzo hawezi kuiweka. "Mwite huyo mtu wako wa chuma," alisema. Mashimo ya pembe yote yalikuwa mbali na jiwe, yangetumika. Lakini mlango, alisema, ni wake, utakuwa wa msambya, na huyo Najibu asiuguse.

Najibu alikuja na mabomba yake wiki iliyofuata. Johnson naye alikuwepo, na siku ile sikuhitajika kubeba maneno ya mtu. Walirushiana wenyewe tangu asubuhi hadi jioni, wakapendana. Bomba moja lilivuka kutoka pembe hadi pembe bila kugusa chini, na jiwe likabaki nje ya banda, upande wa mibuni. Tulilifunika kwa udongo kama lilivyokuwa, Mama akapanda mlamula mpya.

Najibu alipokuwa juu anataka kupiga bati, Mama alimwuliza maji ya mvua yatamwagikia wapi. Najibu akamwonyesha kwa kidole: upande wa mibuni.

"Basi hapana, mwanangu," Mama alisema. "Hapo yupo mtoto."

Najibu aliangalia chini, akaelewa. "Sawa, mama," alisema. "Tutayapeleka kwingine." Akachomelea vishikizo kwenye bomba, akafunga mfereji wa bati unaoleta maji kwenye pipa nyuma ya jiko.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, ile ya kuziba masikio. Mama alijitanda kitenge kichwani akatoka. Nilimfuata. Tulisimama chini ya bati jipya tukitazama mlamula. Mvua iliunyeshea kama ilivyonyeshea kila kitu, lakini maji ya paa yalipita juu yetu, yakakimbia ndani ya mfereji hadi kwenye pipa. Mama alisikiliza mpaka akaridhika. Ndipo alipotazama lile banda lote tupu nyuma yetu.

"Sasa ingiza gari," aliniambia. "Linalowa."

Nilikuwa nimelisahau uani.