Maji Aliyoyameza Sikuzani

Kabla hajaitwa Mwantumu, alikuwa Sikuzani binti Kaimu wa Nandagala, na watu walimpa jina la utani la Kicheko. Alicheka shambani, alicheka kisimani, alicheka hata siku upepo ulipoezua paa la jiko lake akabaki amesimama na mwiko mkononi, mvua inamnyeshea. Mwanamke mwenye moyo mzuri, jamani, nani atabisha? Lakini uzito hakuwa nao. Akitoa neno penye watu, watu wanaendelea kutafuna muhogo wao. "Ah, si Kicheko huyo," wanasema, na shauri linaendelea kana kwamba aliyesema ni kuku.

Jambo hilo lilimuuma. Msidhani anayecheka haumii.

Mama yake mkubwa, Mwantumu, ndiye aliyekuwa na uzito wa ukoo mzima. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, na kabla ya kutamka neno kubwa alitanguliza kikohozi kidogo, kikavu. Kuhu! Watoto wakikisikia wanatawanyika, na wakubwa nao, tusidanganyane, walikuwa wanashusha sauti.

Mwantumu huyu alikuwa na binti mmoja tu, Fatu. Fatu na Sikuzani walikulia sahani moja na mkeka mmoja, kwa maana mtoto wa mama mkubwa ni ndugu yako wa tumbo, hakuna jina jingine. Basi Wazungu walipoanzisha yale mashamba yao ya karanga kule Nachingwea, makatapila yakang'oa misitu mchana kutwa na vijana wa kila kabila wakamiminika kutafuta kazi, Fatu akapendana na dereva mmoja kutoka bara, mtu ambaye hakuna aliyemjua baba yake wala mjomba wake. Akafuatana naye bila posa wala ndoa. Mwantumu alipopata habari alitoka nje, akakohoa, akasema mbele za watu, "Fatu asikanyage mlango wangu mpaka kinywa changu kitakapotema maji."

Maneno hayo hayakuwa mchezo. Kwa ukoo ule, aliyefunga kwa kinywa ndiye hufungua kwa kinywa. Anajaza maji mdomoni, anayatema chini mbele ya aliyefungiwa, na hapo neno limekwisha, watu wanakaa wanakula. Asipoyatema, mwenzake atabaki nje hata kama ukoo wote utalia.

Sikuzani alimkimbilia Fatu njiani, nje ya kijiji, akampa unga wa njia. Walishikana wakalia. Kisha Fatu akafuta machozi, akasema, "Mdogo wangu, mama yangu hatatema maji. Namjua. Akifa, jina lake ulirithi wewe, usiwaachie wengine. Ukiwa na jina lake utakuwa na kinywa chake. Utanifungulia?"

"Siku hiyo hiyo," Sikuzani akasema. "Wallahi, siku hiyo hiyo nitatema maji mpaka nikauke koo."

Wakacheka wote wawili, na Fatu akaenda zake Nachingwea.

Maana kwao marehemu hakuachwa aondoke na jina lake. Siku ya arobaini, hitima ikishasomwa na mwalimu akishakula wali wake na kuaga upesi upesi, bila kugeuka nyuma ili asione kinachofuata, mabibi wazee huingia ndani na mtu mmoja wa ukoo. Humpaka unga wa mtama utosini, humvika nguo ya marehemu, wakamwambia, "Tangu leo wewe ndiye yeye." Na si maneno matupu. Waliokuwa wadogo wa marehemu wanakuwa wadogo zake, wana wa marehemu wanakuwa wanawe. Kwa sababu hiyo, jina la ukoo lilitoka kwa maiti tu. Kumpa mtoto jina la ndugu aliye hai ni kumchimbia kaburi huku anakutazama.

Mwantumu alikufa msimu wa kuvuna ufuta. Mjomba Seleman, mdogo wake wa kiume na mkubwa wa ukoo, alitaka jina liende kwa mtu mwenye haiba. Sikuzani akasimama. "Nipeni mimi," akasema. Watu wakatazamana. Kicheko? Lakini alikuwa binti wa mdogo wa marehemu, haki yake ilikuwapo, wakampaka unga.

Alipotoka nje na kaniki ya marehemu, wa kwanza kupiga magoti alikuwa mama yake mzazi, Mwanamvua.

"Shikamoo dada," akasema mama yake.

Sikuzani alitaka kucheka. Mama aliyemnyonyesha, amepiga magoti vumbini, anamwita dada! Alimtazama usoni akitafuta tabasamu la kumwambia kwamba huu ni mchezo wa leo tu. Hakuliona. Mama yake alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea, machozi yanamtoka. "Marahaba," Sikuzani akajibu, maana angejibu nini?

Nyumbani mumewe, Abdulatifu, alifanya utani. "Mimi nilioa mke, leo nimeletewa mkwe! Nitalala wapi miye?" Wakacheka. Lakini usiku ule alitandika mkeka wake upande wa pili, na baada ya hapo utani ukapungua, na akawa anapiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Na maji ya Fatu? Alipanga kutuma mtu Nachingwea wiki ile ile. Kisha akafikiri, ngoja kwanza. Jina lenyewe bado bichi. Nikianza kwa kutengua neno la marehemu, watasema nimelichukua ili nilivunje. Ngoja likae, wanizoee. Hayo hayakuwa mawazo mabaya, na ndiyo yaliyomponza.

Siku moja mbuzi wa jirani yake, Moza, waliingia shambani wakala mtama wa Sikuzani wote uliokuwa umechipua. Zamani Moza angepita tu akisema, "Kicheko, mbuzi wamekusaidia palizi," na wangecheka. Safari hii alikuja asubuhi na jogoo kwapani, anatetemeka.

"Mama Mwantumu, nisamehe."

"Moza, ni mbuzi tu. Sina hasira. Rudi na jogoo wako."

Moza akazidi kutetemeka. Alikwenda akawaambia watu kwamba Mwantumu amekataa jogoo, kwa hiyo ana jambo moyoni, anamvizia. Sikuzani akaenda kwake kumtuliza, akicheka ili kumwonyesha hana neno. Loo! Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. "Umesikia alivyocheka?" watu wakanong'ona. "Mwantumu alikuwa hacheki mpaka akusudie mtu." Moza akaleta majogoo wawili. Mwishowe Sikuzani aliwapokea, akakunja uso, akasema, "Funga mbuzi wako." Moza akapumua, akaenda zake na amani. Kijiji chote kikapumua.

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Akiwa mpole wanaogopa, akiwa mkali wanatulia. Kila alichofanya kilikuwa kimekwisha kupewa maana kabla hajakifanya. Na tuseme kweli, kulikuwa na utamu ndani yake. Sasa akifungua kinywa, muhogo unasimama midomoni mwa watu. Mjomba Seleman, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa anauliza, "Dada, wewe unaonaje?" Nani maishani mwake aliwahi kumuuliza Kicheko anaonaje?

Kikohozi kilianza wakati huo. Mara ya kwanza alidhani ni vumbi la kupeta. Alikuwa anataka kumwambia mama yake asimwage maji karibu na ghala, na kabla ya neno kutoka, kikatoka chenyewe: kuhu. Mama yake akaacha ndoo ikaanguka. Sikuzani alijishika koo. Haikuwa sauti yake. Alikunywa asali, akanywa mizizi, akasomewa. Hakikupona, kwa sababu hakikuwa ugonjwa. Wakati mwingine, akiwa peke yake kisimani, alijaribu kucheka kile kicheko chake cha zamani, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Kilikuja kibovu. Akaacha kujaribu.

Miaka ikapita. Mashamba ya karanga ya Nachingwea yalishindwa, makatapila yakaota kutu, watu wa mbali wakarudi makwao. Yule dereva naye akarudi kwao bara, bila Fatu.

Fatu alifika Nandagala mchana, ana furushi moja kichwani na amekonda. Hakuingia uani. Alipiga magoti pale mpaka wa ua ulipo, kwa kuwa alijua neno la mama yake bado linasimama. Habari zikaenda kama moto wa kiangazi. Watu wakaacha majembe, wakajaa.

Sikuzani alikuwa kwenye kigoda. Alipomwona Fatu, moyo ulimruka kama wa msichana. Fatu wangu! Alinyanyuka, akaagiza maji, na mama yake akaleta kata imejaa. Mjomba Seleman akasema, "Dada, mwanao amerudi. Kinywa ni chako."

Fatu aliinua uso. Alikuwa anatabasamu kidogo sana, lile tabasamu la njiani, la siku ya unga. Sikuzani akajaza maji mdomoni.

Ilikuwa imebaki kuinama tu na kuyatema.

Nyuma yake akasikia sauti ya Moza, ya chini, ikimwambia mwenzake, "Upesi hivi? Mwantumu gani huyu! Mwantumu asingekubali. Kumbe jina halikumkaa. Ni yule yule Kicheko." Na mtu mmoja akaguna kwa dharau, mguno ule ule wa zamani wa kutafuna muhogo.

Maji yalikuwa ya baridi mdomoni. Sikuzani aliwatazama watu, mmoja mmoja. Aliwaona wanamngoja. Aliona jinsi kesho watakavyoendelea kutafuna akisema. Aliona mama yake akisimama kutoka magotini na kumwita tena mwanangu, na hilo lingekuwa jema, ee Mungu, lingekuwa jema mno, lakini hofu ilikuwa imekwisha kumshika. Alisema moyoni, si leo, nitamfungulia baadaye, watu wakiondoka.

Akayameza.

Uwanja mzima ulisikia lile gulu la koo lake. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema wahenga. Yaliyomezwa hawakuyasemea.

Fatu hakuamini. Akasogea mbele kwa magoti, akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Sikuzani? Mdogo wangu, ni mimi. Mama nimeshamlilia kule kule. Mimi nimekuja kwako. Sikuzani yuko wapi?"

Kikohozi kikatangulia. Kisha maneno yakatoka, makavu, na aliyekuwa akiyasikia kwa hofu kuliko wote ni yeye mwenyewe.

"Huyo hayupo."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. "Mwantumu huyo," wakasema. "Mwantumu mwenyewe." Fatu akajitwika furushi lake, akashika njia ya kwenda kijiji cha Matambarale. Baadaye, watu walipoondoka, Sikuzani alitoka na kata ya maji, akaifuata njia ile mpaka kwenye kichuguu. Hakumkuta mtu. Aliyatema pale chini, mbele ya hakuna mtu, akarudi.

Miaka mingine ikapita, akazeeka kabla ya wakati. Mama yake alikufa akimwita dada. Siku moja ya msimu wa ufuta, alikuwa kwenye gulio la Ruangwa, amekaa mbele ya kapu lake, watu wanapita mbali kidogo kama kawaida. Mara sauti ya mwanamke ikaita katikati ya makelele:

"Sikuzani! We Sikuzani!"

"Abee!" akaitika. Alikuwa amekwisha kusimama, ufuta umemwagika miguuni, na uso wake ulikuwa umefunguka wote. Abee, abee, niko hapa! Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mtoto wa kike, mdogo, ana kicheko mdomoni, alipita mbio mbele yake akaenda kumkumbatia miguuni yule aliyemwita.

Aliyeita alikuwa Fatu. Alikuwa amenenepa kidogo, na kitambaa kizuri kichwani. Alimwona Sikuzani, akapiga magoti bila chuki yoyote.

"Shikamoo mama."

"Mtoto huyu..." Sikuzani akasema. "Umempa jina la nani?"

"La mdogo wangu," Fatu akajibu kwa upole. "Alifia Nandagala. Tulimsomea hitima kule Matambarale, tukampikia na arobaini. Alikuwa mtu wa kucheka sana." Akamsogeza mtoto mbele. "Mwamkie bibi."

Sikuzani alitaka kusema, Fatu, ni mimi, sikufa, niko humu ndani. Alifungua kinywa. Kikohozi kikatangulia, kuhu, na mtoto akaruka nyuma, akajificha kwenye kanga ya mama yake.

"Usiogope, mwanangu," Fatu akasema, akimpapasa kichwani. "Bibi yako ndivyo alivyo, tangu zamani."