Kibati cha Marehemu

Wakati viwanda vya Tanga vilipokuwa vikipunguza watu, nilimsindikiza jirani yangu wa Ngamiani kiwandani kwao. Alikuwa ameachishwa kazi, akataka kujua kosa lake.

"Shikamoo, mzee," karani wa mahudhurio alisema dirishani. "Si mimi niliyeamua. Ni ubao."

Nimeona wakubwa wakijificha nyuma ya watu. Nyuma ya ubao ilikuwa mara ya kwanza. Ulitanda ukuta mzima. Kila mfanyakazi alikuwa na mstari wake na msumari: akiingia hutundika kibati chenye namba yake, akitoka hukichukua. Karani akikuta kibati hutia chaki ya kijani, asipokikuta, nyekundu.

"Una nyekundu tatu, mzee."

"Tulikwenda ng'ambo ya mto Pangani kumzika mwenzetu. Kivuko kikakosa mafuta, tukakwama."

"Ubao haujui misiba."

Jirani yangu akanyoosha kidole kwenye mstari uliokuwa kijani mwanzo hadi mwisho. "Na yule?"

"Yule hajakosa hata siku moja. Anabaki."

"Yule ndiye tuliyemzika. Alianguka akiwa zamu, tukambeba mbio hospitali. Nani angekumbuka kibati?"

Kibati kilikuwa kinaning'inia bado. Karani aliokota chaki nyekundu, akaigeuzageuza, akairudisha kwenye kopo.

"Sasa nimwandike nini?"

"Mwache," alisema jirani yangu, akivaa kofia yake. "Angalau mmoja wetu abaki kazini."