Mpira Unaokata Kona

Kila jioni mwalimu wa michezo wa pale Nyamuswa hurusha mpira wa softiboli kwenye ukuta wa ghala la pamba, na Nyangi, mpishi wa shule, humtazama huku akisugua masufuria. Mkono wa mwalimu hauzunguki duara kama wa warushaji wengine wa softiboli. Huenda nyuma kidogo, hurudi ukipita pajani, na kifundo cha mkono hugeuka mpira unapotoka. Mpira hunyooka, kisha ghafla hukata kona kama mbuzi aliyeona shamba la watu. Lakini kabla ya kurusha, mwalimu huukodolea ukuta macho, hutikisa kichwa kukataa, husubiri, ndipo huitikia kwa kichwa.

Leo Nyangi alishindwa kuvumilia. "Mwalimu, huwaga unamwitikia nani?"

"Mdakaji wangu. Tulichezaga wote Bunda. Yeye anachuchumaa mbele yangu, ananionyesha kwa vidole aina ya mpira anaotaka, mimi narusha."

"Yuko wapi?"

"Alihamishiwa Songea. Ameshapata mrushaji mwingine."

Nyangi akajifuta mikono kwenye kitenge, akachuchumaa mbele ya ukuta, akanyoosha vidole viwili kwa kubahatisha. "Haya, nirushie mimi."

Mwalimu alivitazama vile vidole kwa muda mrefu. Kisha akarusha. Mpira ukaja polepole, kama wa kumrushia mtoto, ukatua viganjani mwa Nyangi. Haukukata kona.