Mpaka Uliopinda

Karani wa mji mdogo ulioko nyuma ya Takaungu alikuwa na kawaida ya kuchonga penseli kwa wembe, kuilamba ncha, kisha kuzuia pumzi kila apigapo mstari. Mwaka wa themanini na tano mkuu wa wilaya alitaka ramani ya mji, na sheria ilikuwa moja: ndani ya mpaka, mifugo marufuku. Kazi ilikwenda uzuri mpaka mstari ulipofika kwa Bi Khamisa, mpika vitumbua, ukapita katikati ya banda lake la mbuzi. Karani akaenda mwenyewe kumpa habari. "Shikamoo, bibi. Mbuzi wako watatu sasa ni wa mjini, wawili ni wa shamba."

"Marahaba, mwanangu. Basi waeleze wewe, maana mama yuko huku na wanawe wako kule."

Karani alikohoa, akarudi ofisini, akaufuta mstari na kuuzungusha ukaliacha banda lote nje ya mji.

Mkuu wa wilaya alipoikagua ramani, kidole kilisimama penye kona. "Mbona hapa umepinda? Kuna mto?"

"Upo, mheshimiwa," karani alijibu bila kupepesa macho. "Msimu huu umekauka."