Viazi vya Trizah

Gathogo aliendesha lori la maziwa la Molo mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu, alirudi kijijini Bahati kwenye shamba ambalo mkewe, Trizah, alikuwa amelilima karibu peke yake. Alidhani sasa watalima pamoja. Lakini haukupita muda mrefu Trizah akaanza kusahau: kwanza sufuria motoni, kisha njia ya kanisani, kisha majina ya watoto wake.

Jembe tu ndilo hakulisahau. Nyuma ya choo kulikuwa na mmea wa kutambaa, wenye maua ya zambarau, uliovuka kutoka kwa jirani. Majani yake yanafanana sana na ya viazi vitamu. Trizah alikuwa akikata vipande vyake na kuvipanda kwenye matuta, kama alivyopanda viazi mwaka ule wa njaa, mumewe akiwa barabarani na watoto wakimtegemea yeye.

Kila kipande kilishika. Mmea ukayaangusha mahindi, ukafunika maharagwe, ukaanza kuupanda mparachichi. Gathogo aling'oa jioni. Asubuhi Trizah alipanda tena.

"Mama Kinyanjui, hivi si viazi," alimwambia mkewe siku moja, akimwonyesha mzizi. "Angalia, hakuna kitu huku chini."

"Bado havijakomaa," Trizah alijibu. "Na wewe utajua nini? Hukai nyumbani."

Gathogo aliinama, akaendelea kung'oa.

Mvua ilipokaribia, aliamua kuumaliza mmea huo. Jumapili moja binti yao, Cate, alimpeleka mama yake kanisani. Gathogo akabaki akichimba mizizi yote mpaka nyuma ya choo, na kwa kuwa kipande kikitupwa huchipua tena, akauchoma mmea wote. Lakini Trizah alisumbuka kanisani, wakarudi mapema. Alisimama langoni akitazama moshi, kisha akaketi chini kwenye vumbi na nguo zake za kanisa, akalia kimyakimya.

"Watoto watakula nini?" alimwuliza Cate. "Huyu mzee amechoma chakula cha watoto."

"Mami, huyo ni baba."

"Baba yako yuko Molo. Akirudi nitamwambia."

Trizah, aliyekuwa akisahau kila kitu, hilo hakulisahau. Tangu siku hiyo alikataa chakula kutoka mkononi mwa mumewe. Gathogo akiingia sebuleni, alishika kiti kwa nguvu na kumtazama mpaka atoke. Ikabidi Cate ahamie pale.

Gathogo alipata mbegu ya viazi vitamu halisi kwa rafiki yake huko Subukia, akaipanda kwenye matuta yaleyale, kisha akamtuma Cate amwite mama yake. Trizah alifika mlangoni, akaangalia.

"Hilo ni shamba la watu," alisema, akarudi kuketi. Hakushika jembe tena.

Viazi vilipokomaa, Gathogo alivichimba, akavichemsha, akampa Cate sahani ampelekee mama yake. Akiwa jikoni alimsikia mkewe akiuliza kama watoto wamekula.

"Wameshiba, mami."

"Basi mpatie na yule mzee. Amekaa huko nje sana."

Cate alimletea kimoja. Gathogo alikila akiwa amesimama kando ya jiko, na hakuingia ndani mpaka mkewe alipokwenda kulala.